Debe kubwa, maji yale yale: namba za pleya yako zinasema nini hasa

Wimbo ulikuwa wa dakika nne na ushee, na faili lake lilikula megabaiti 170. Kwenye kioo cha pleya yangu, kile kifaa cha mfukoni cha kuchezea muziki, ziliwaka namba za kufurahisha macho: biti 24, kilohezi 192, pamoja na kile kialama cha dhahabu cha "Hi-Res", yaani sauti ya daraja la juu, ambacho watengenezaji hukipenda sana. Albamu nzima niliilipia karibu mara mbili ya bei ya toleo la kawaida. Nikavaa hedifoni, nikafumba macho, nikajiaminisha kwamba nasikia hata hewa iliyopo kati ya chombo na chombo. Ndiyo, mimi, ambaye kazi yangu ni kushinda mbele ya miksa nikitafuta kasoro kwenye sauti za watu.

Wiki moja baadaye nikalifungua faili lile kwenye kompyuta, kwa programu ya kuchora spektrogramu. Ni picha rahisi kuisoma: muda unakwenda kushoto kulia, masafa yanapanda chini juu, na rangi inaonyesha nguvu ya sauti. Faili la kilohezi 192 lina nafasi ya kubeba masafa hadi kilohezi 96. Rangi zikapanda vizuri, besi chini, mwimbaji katikati, matuazi juu, zikafika kilohezi 22 na hapo zikakatika. Hazikufifia, zilikatika, kama zimepigiwa rula, na kutoka hapo hadi ukingo wa picha ni weusi mtupu. Nilikuwa nimeuziwa sauti ya CD iliyomiminwa kwenye debe kubwa zaidi. Duka silitaji, kwa sababu huenda hata wenyewe waliletewa hivyo na waliowapa kazi. Kilichoniuma ni ile hewa niliyoisikia kati ya vyombo.

Basi tuzisome hizo namba moja moja.

Kilohezi 44.1, 96 au 192 ni idadi ya vipimo vinavyochukuliwa kila sekunde wakati mawimbi ya sauti yanageuzwa kuwa tarakimu. Kilohezi 44.1 ni vipimo 44,100. Wengi hudhani vipimo vikiongezeka, wimbi linazidi kuwa laini, kama picha inavyozidi kuwa nzuri ikiongezwa nukta. Mchoro wa ngazi ngazi unaowekwa kwenye matangazo ndio umetupotosha. Kanuni aliyoidokeza mhandisi Nyquist mwaka 1928 na kuthibitishwa na mwanahisabati Shannon mwaka 1949 inasema jambo jingine: ukipima kwa kasi iliyozidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo, wimbi lote linarudishwa lilivyokuwa. Halirudi na ngazi wala makunyanzi. Kwa hiyo kilohezi 44.1 inabeba kila kitu hadi karibu kilohezi 22. Sikio la kijana mwenye afya huishia kilohezi 20 hivi, na umri ukienda, dari hilo linashuka. Langu limeshuka siku nyingi, na miaka ya kusimama karibu na spika za jukwaani haikunisaidia.

Biti nazo zinahusu kina, yaani kila kipimo kinaandikwa kwa tarakimu ngapi. Kila biti moja inaongeza takriban desibeli 6 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa inayoweza kuandikwa. Biti 16 zinatoa kama desibeli 96, na biti 24 zinatoa 144 kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi kwa sababu hata saketi nzuri za kubadili sauti huhangaika kuvuka desibeli 120 hivi kabla ya mvumo wa umeme wenyewe kufunika kila kitu. Sasa piga hesabu. Chumba kilichotulia kina kelele za desibeli 30 hivi. Weka juu yake desibeli 96 za CD, utafika 126, mahali ambapo masikio yanauma. Hakuna anayesikiliza hivyo kwa hiari yake.

Studio ni habari nyingine. Hapo sikubali kurekodi chini ya biti 24, kwa sababu mwimbaji anaweza kunong'ona kisha akapiga ukelele bila kunipa taarifa, nami nahitaji nafasi ya kuacha juu bila kuzama kwenye kelele chini. Biti zile ni za fundi. Msikilizaji huzinunua kwa sababu zimeandikwa kwenye boksi.

Lakini kuna namba unayoweza kuisikia kwa masikio yako, nayo ni kilobiti kwa sekunde za faili lililopunguzwa. CD inatiririsha kilobiti 1,411 kwa sekunde, kama megabaiti 10 na nusu kwa kila dakika. MP3 ya kilobiti 128 inabakiza chini ya moja ya kumi. Zilizobaki zimekwenda wapi? Zimetupwa, tena kwa akili. MP3 inajua kwamba sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani nayo, basi ile ndogo inaandikwa kwa ufupi au haiandikwi kabisa.

Ukitaka kuyasikia makovu yake usiende kwenye besi. Tafuta makofi makavu, au kitu kinachogonga ghafla baada ya kimya. MP3 hufanya kazi kwa vipande vidogo, vipimo 576 kwa kila kipande, yaani milisekunde 13 kwa kasi ya CD. Kofi likitua katikati ya kipande, uchafu wa hesabu unasambaa kipande kizima, hata sehemu iliyotangulia kofi lenyewe. Kinachosikika ni kama mtu amevuta pumzi kabla ya kupiga: fff-ta badala ya ta. Matuazi nayo hupoteza mlio wa shaba, yakabaki kama maji yanayopita kwenye mchanga. Ukishayasikia mara moja, pole, utayasikia maisha yako yote.

FLAC, aina nyingine ya faili la muziki lililopunguzwa, haitupi kitu. Inachofanya ni kukisia kipimo kinachofuata kutokana na vilivyopita, kisha inaandika tu ilikosea kwa kiasi gani. Makosa huwa ni namba ndogo, na namba ndogo hazili nafasi kubwa. Faili linapungua hadi kama asilimia 50 au 60 ya ukubwa wa awali, na likifunguliwa linarudi biti kwa biti. Zile ngazi zake kuanzia 0 hadi 8 hazihusiani na ubora hata kidogo. Zinaamua tu kompyuta itahangaika kiasi gani wakati wa kulipunguza. Jambo nilipendalo zaidi ni kwamba ndani ya faili huwekwa alama ya MD5 ya sauti ya asili, kama muhuri, hivyo unaweza kupima baada ya miaka kumi kama kadi ya kumbukumbu imeanza kula muziki wako.

Kugeuza MP3 kuwa FLAC hakurudishi kilichotupwa. Kitabu kilichonyofolewa kurasa hakijai kwa kutiwa jalada la ngozi. Ukiona FLAC ambayo picha yake imekatika kwenye kilohezi 16, shuku mara moja kwamba ilizaliwa MP3 ya 128.

Hapa lugha yenyewe hutuchanganya, maana tunasema "kubana" kwa mambo mawili. Kuna kubana faili, kama nilivyoeleza. Halafu kuna kubana sauti kule studio: kuzishusha zile kubwa na kuzipandisha ndogo ili wimbo mzima upige kwa nguvu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Huku kwa pili kumeharibu albamu nyingi kuliko MP3 ilivyowahi kufanya, na hakuna namba kwenye kioo cha pleya inayokuonyesha. Wimbo uliobondwa hivyo ukiuweka kwenye 24/192, yaani biti 24 na kilohezi 192, utakuwa umehifadhi ubondwaji wake kwa uaminifu mkubwa. Ndiyo maana mara nyingine toleo la bei kubwa linasikika vizuri kweli: walirudi kwenye tepu za mwanzo na kulitengeneza upya kwa mkono mwepesi. Uzuri unatoka kwenye mkono ule. Ukiligeuza toleo hilo hilo kuwa ubora wa CD, uzuri unabaki nalo.

Nilijipima. Nilichukua rekodi ambayo picha yake inapanda kweli hadi juu, 24/96, nikaishusha hadi 16/44.1, kisha nikaipandisha tena ili mafaili yote mawili yaonyeshe namba zile zile. Mpwa wangu akawa anarusha sarafu na kunichezea A au B, mimi nimempa mgongo. Sauti tulizisawazisha kwanza, kwa sababu sikio hulipenda lililo juu hata kwa desibeli moja tu na kudhani ndilo lenye ubora. Mara 16, nikapatia 9. Ukipatia 12 au zaidi, nafasi ya kwamba ulibahatisha ni chini ya 4 kati ya 100. Mimi na tisa zangu ni sawa na aliyekuwa akirusha sarafu tu. MP3 ya 320 nikapatia 10. MP3 ya 128, yenye makofi, nikapatia 15, na ile moja niliyokosa nasema mpwa alikohoa.

Wapo wanaofanya vizuri kuliko mimi. Jaribio la watafiti Meyer na Moran lililochapishwa mwaka 2007 halikupata tofauti kati ya sauti ya daraja la juu na sauti ile ile ikipitishwa kwenye kiwango cha CD, ila uchambuzi wa mtafiti Reiss wa mwaka 2016, uliokusanya majaribio mengi, ulikuta tofauti ndogo, na ilionekana zaidi kwa waliofundishwa kusikiliza.

Utaniuliza, sasa pleya ya nini? Mimi bado natembea na yangu na siiachi. Ninachokilipia ni tundu la hedifoni.

Kila tundu lina ukinzani wake, unaopimwa kwa omu, na ndiyo namba ambayo wauzaji huificha nyuma kabisa ya kijitabu. Chukua iafoni zenye spika ndogo kadhaa kila upande. Ukinzani wake hautulii. Unaweza kuwa omu 8 kwenye masafa fulani na 40 kwenye mengine. Ukizichomeka kwenye tundu lenye omu 10, umeme unagawanyika bila usawa na masafa yale mawili yanatofautiana kwa desibeli 5 hivi. Hiyo ni kama mtu kaingia kwenye ikwalaiza yako na kuivuruga bila ruhusa. Tundu likiwa na omu 1, tofauti inashuka chini ya desibeli 1. Hili huhitaji mafunzo kulisikia, hata mpwa wangu alilisikia. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni.

Kisha kuna nguvu. Hedifoni kubwa za omu 300 kwenye simu husikika kama zinaimba zikiwa zimechoka. Pleya yenye amplifaya ya kutosha inaziamsha. Iafoni nyepesi zina shida ya kinyume, zinasikia hadi mvumo wa saketi. Kwa hiyo pleya yako ikiwa na swichi ya kuchagua nguvu ndogo au kubwa, anza na ndogo. Tundu la milimita 4.4 hutoa nguvu zaidi kuliko la kawaida kwa sababu kila upande unaendeshwa na amplifaya yake kwa waya mbili, si kwa sababu ya muujiza wowote kwenye umbo la plagi.

Na ukishanunua haya yote, tafadhali usimalizie kwa Bluetooth halafu ukahesabu kilohezi. Hata LDAC, ambayo ni miongoni mwa njia pana zaidi za kupitisha sauti kwa Bluetooth, inaishia kilobiti 990 kwa sekunde, tena hushuka hadi 660 au 330 mawimbi yakijaa mahali ulipo. Sauti ya 24/96 ni kilobiti 4,608 kabla ya kupunguzwa. Lazima kitu kitupwe njiani. Mimi nikitembea barabarani natumia Bluetooth bila aibu, kwani kelele za magari zinafunika mengi kuliko LDAC inavyotupa, lakini kioo cha pleya bado kinaniandikia 24/96 kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mambo ya kadi nayamaliza haraka: ifomati kwa mfumo wa mafaili wa exFAT, kwani ule wa zamani, FAT32, haupokei faili linalozidi gigabaiti 4 na rekodi ndefu za onyesho zitakugomea, andika majina ya albamu na wasanii vizuri kabla ya kuhamisha, maana kurekebisha kwenye kioo kidogo ni adhabu, na weka nakala mahali pengine. Mafaili ya DSD yanayohesabu mamilioni ya vipimo vya biti moja moja ni mazuri kama ndivyo rekodi ilivyozaliwa. Kuyatengeneza kutoka kwa CD ni debe lile lile tena.

Lile faili la megabaiti 170 bado ninalo. Nililishusha hadi 16/44.1, likawa megabaiti 27, na spektrogramu yake imejaa hadi juu, haina weusi. Jana usiku nimelisikiliza tena kwa hedifoni zile zile, na ile hewa kati ya vyombo bado ipo.