Je, wajua kwa nini kadi ya afya ya dereva wa lori Marekani haiandikwi "asinyanyue mizigo"?

Madereva wa malori Marekani, wakiwemo wengi waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo, husikia sana maelezo haya: ukifanyiwa upasuaji na daktari akakuandikia usinyanyue zaidi ya pauni 20 (kama kilo 9), hilo ni jambo lako na bosi wako. Kadi ya afya, yaani cheti kinachothibitisha kuwa afya yako inakuruhusu kuendesha lori, haijaisha muda, kwa hiyo endesha tu, mwingine atashusha mzigo. Wengine husema daktari anayetoa kadi ataandika kiwango hicho juu yake, mambo yaishe.

Maelezo yote mawili si sahihi, na yanaweza kumponza mtu kazi. Fomu ya kadi yenyewe, MCSA-5876, ina visanduku vichache tu vya masharti: kuvaa miwani au lenzi, kuvaa kifaa cha kusikia, kuwa na msamaha maalumu, kuwa na cheti cha SPE (cha dereva aliyepoteza kiungo au mwenye kiungo dhaifu), na hali nyingine mbili tatu. Kisanduku cha kilo hakimo. Daktari anaweza kufupisha muda, yaani badala ya miezi 24, ambayo ndiyo mwisho, akatoa 12 au 3. Lakini hawezi kuandika "aendeshe ila asipakue".

Sababu ni kwamba kadi humfuata dereva, haimfuati mwajiri. Leo unavuta trela la maboksi yanayoshushwa kwa foklifti. Mwezi ujao umehamia kampuni nyingine, trela ni la wazi, na turubai zito linakusubiri upande nalo juu ya mzigo. Kadi ni ileile. Ndiyo maana kanuni ya 391.43 ya serikali kuu ya Marekani inamtaka daktari anayetoa kadi afikirie kazi nzima: kufunga na kufungua trela, kupakia na kupakua (kanuni inataja hadi pauni 50,000, zaidi ya tani 22, tena baada ya kukaa muda mrefu bila kujinyoosha), kufunga minyororo ya matairi wakati wa theluji, kufunika mzigo. Mwajiri anaruhusiwa kuongeza vipimo vyake vikali zaidi, na kampuni nyingi hufanya hivyo, lakini hiyo ni hatua ya pili.

Kinachowakwaza wengi ni kanuni ya 391.45. Jeraha au ugonjwa ukipunguza uwezo wako wa kufanya kazi ya kawaida ya udereva, unatakiwa kupimwa upya hata kama kadi imebakiza mwaka mzima. Nenda na barua ya daktari aliyekutibu, iseme vizuizi vimeondolewa na tangu tarehe ipi, pamoja na orodha ya dawa unazotumia, hasa za maumivu, kwa kuwa nyingine hulevya. Barua inayosema "kazi nyepesi tu" humwacha mpimaji, yaani daktari anayetoa kadi, bila jibu. Anaweza kuandika kwamba uamuzi unasubiri nyaraka, na siku 45 zikipita bila nyaraka hizo, mtihani unabatilika na unaanza upya.

Aliyepoteza mkono au mguu, au ambaye kiungo kimebaki na udhaifu wa kudumu, ana njia yake: cheti cha SPE, kinachotolewa na FMCSA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia usalama wa magari ya biashara. Hapa ndipo kanuni inapochambua mkono kwa undani wa kupendeza. Inatofautisha kushika kwa ncha za vidole, kama unapozungusha kitufe au kubonyeza swichi, na kukamata kwa kiganja kizima, kama unapoushika usukani na kuugeuza. Kwa aliyepoteza mkono, daktari bingwa wa mifupa au wa tiba ya viungo lazima athibitishe kwamba dereva anaweza yote mawili, kila mkono peke yake. Kwa hiyo kukosa kidole si lazima kukuzuie. Swali ni kama mshiko umebaki. Nguvu ya mshiko haikuwekewa kiwango cha namba, hivyo wapimaji wawili wanaweza kutofautiana kidogo.

Baada ya tathmini hiyo kuna jaribio la barabarani. Cheti hudumu miaka 2, kinaweza kutaja marekebisho ya gari au kiungo bandia unachopaswa kuvaa, na unatakiwa kuwa nacho ukiwa kazini. SPE ni ya viungo tu. Ngiri, mgongo na moyo hupimwa kwa mtihani wa kawaida. Na kwa wanaoendesha ndani ya jimbo moja, majimbo mengi yana taratibu zao, kwa hiyo ulizia ofisi ya leseni ya jimbo lako kabla ya kulipia vipimo.