Wiski huanzia puani: dhana potofu zinazomkwamisha anayeanza

Desemba, Moshi, siku mbili kabla ya Krismasi. Nyumba ya mjomba imefurika wageni kutoka Dar, Arusha na Nairobi, baridi ya mlimani imeshashuka, na mjomba ametoa kabatini chupa aliyoitunza tangu Pasaka. Akanimiminia kwenye kikombe cha chai. "Haya mjomba, leo umekuwa mkubwa. Yote kwa mkupuo." Nikatii. Koo likawaka, kifua kikafuata, machozi yakanitoka, na sebule nzima ikanipigia makofi.

Miaka mitatu baada ya hapo bado niliamini kwamba wiski ni kitu cha kuvumilia. Aliyenitoa kwenye imani hiyo ni mama mkubwa, Krismasi nyingine, kwenye meza ileile. Aliniona nikijiandaa kufumba macho, akanishika mkono. "Nani alikwambia hii ni dawa? Weka kijiko kimoja cha maji. Sasa nusa. Usinywe bado. Nusa tena." Niliponusa mara ya pili ikanijia harufu ya ndizi mbivu. Ndizi kabisa, zile zilizoiva hadi zikaanza madoa. Nilidhani nimekosea. Sikukosea, na sababu yake naieleza hapa chini.

Naandika kwa ajili ya mtu mzima aliyetimiza miaka 18 na ambaye ameshaamua kuonja. Asiyekunywa, kwa dini yake, kwa afya yake au kwa kutotaka tu, abaki alipo; hana deni kwa mtu.

"Ukiweka maji umeiharibu"

Dhana hii ndiyo inayowafukuza wengi. Mtu anaambiwa anywe kavu, inamchoma, anahitimisha kwamba wiski si yake.

Kwa sheria, wiski ya Uskoti haiwezi kuuzwa ikiwa na alkoholi chini ya asilimia 40. Kwenye ulimi na koo tuna vipokezi vya neva viitwavyo TRPV1, vilevile vinavyoamshwa na pilipili. Kwa kawaida huamka kwenye joto la nyuzi 42 hivi. Alkoholi hukishusha kiwango hicho hadi kama nyuzi 34, chini ya joto la mwili wako mwenyewe, kwa hiyo mdomo unahisi moto ambao haupo. Mpe achari mtu asiyezoea pilipili, umuulize embe lake lilikuwa na ladha gani. Hawezi kukuambia, maana alikuwa anapambana na moto. Anayeanza wiski kavu yuko hivyohivyo.

Maji hupunguza moto huo, na yanafanya zaidi ya hapo. Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walichunguza kwa kompyuta mwenendo wa guaiacol, mojawapo ya kemikali zinazoipa wiski harufu ya moshi. Waliona kwamba alkoholi ikiwa nyingi sana, guaiacol huzama ndani ya kinywaji, na ikipunguzwa kwa maji hupanda juu, pale pua inapoifikia. Wachanganyaji wakuu wa Uskoti, watu wanaolipwa kwa pua zao, huwa wanapunguza sampuli hadi karibu asilimia 20 kabla ya kuzinusa. Japani, ambako kiwanda cha Yamazaki kilianza mwaka 1923, kunywa wiski kwa maji mengi ni mtindo wenye jina lake, mizuwari, na hakuna anayeuonea aibu.

Hesabu ni hii. Toti ya mililita 30 yenye asilimia 40, ukiiongezea kijiko kimoja cha chai cha maji, inashuka hadi asilimia 34. Ukiweka maji sawa na wiski, unafika 20. Anza na kijiko kimoja, onja, ongeza kingine ukihitaji. Maji yawe ya kawaida, yasiyonuka klorini. Barafu ni jambo tofauti: inapoza moto kweli, lakini inapoza na harufu. Siku ya joto Dar mimi naweka barafu bila kusita, ila siku hiyo sitegemei kunusa kitu kikubwa.

Na soda? Chupa yako, raha yako. Naomba tu uionje kwanza kabla hujaichanganya.

"Yote inanuka spiriti tu"

Inanuka spiriti ukiingiza pua nzima kwenye glasi. Mvuke wa alkoholi unaipiga pua ganzi, na kwa dakika chache hutanusa kingine chochote. Shika glasi kifuani, ipandishe taratibu hadi chini ya kidevu, mdomo ukiwa wazi kidogo, uvute hewa kama mtu anayepita nje ya jiko la jirani. Pumzika. Rudia. Halafu chukua tone dogo, lizungushe mdomoni sekunde kadhaa, limeze, kisha toa pumzi kwa pua. Hiyo pumzi ya mwisho ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha.

Glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba husaidia kukusanya harufu. Watu wa wiski hupenda ile ya Glencairn iliyotoka mwaka 2001, lakini glasi ndogo ya mvinyo inafanya kazi hiyohiyo. Kikombe cha chai cha mjomba ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote: mdomo mpana, harufu yote inakimbilia dari.

Sasa ile ndizi. Wiski huanza kama pombe ya nafaka. Shayiri inaloweshwa hadi ichipue iwe kimea, na kwetu Kilimanjaro neno hilo halihitaji maelezo, maana mbege nayo haiwi mbege bila kimea cha ulezi. Kimea kinasagwa, kinatiwa maji ya moto, kinawekwa hamira. Hamira ikila sukari inatoa alkoholi pamoja na kemikali nyingine nyingi zenye harufu, na mojawapo, isoamili asetati, ndiyo hasa inayolipa tunda la ndizi harufu yake. Pombe ile inachemshwa, mvuke wake unakusanywa ukapozwa, na harufu hiyo inasafiri pamoja na mvuke. Hakuna aliyeweka ndizi. Mapipa ya mwaloni nayo yana mchango wao: vanila inatokana na mbao zenyewe, na mwaloni una eugenol, kemikali ileile inayoifanya karafuu ya Unguja na Pemba inukie karafuu.

Kwa hiyo usihangaike kukariri maneno yaliyoandikwa nyuma ya chupa. Aliyeyaandika alikulia kwenye matunda mengine. Wewe sema ulichonusa kwa jina unalolijua: asali ya nyuki wadogo, mkate ulioungua, embe lililokaushwa, kamba mpya ya katani. Ukishaipa harufu jina lake, safari ijayo utaitambua haraka.

"Wiski zote za Uskoti zina moshi"

Nyingi hazina. Moshi unakuja pale kimea kinapokaushwa kwa kuchoma udongo mweusi wa kwenye mabwawa, ulioshindiliwa majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka, na harufu yake inaganda kwenye punje. Kisiwa cha Islay ndicho kinachojulikana kwa hilo, na chupa za Laphroaig, Ardbeg na Lagavulin huwashtua wageni. Lakini hata Islay kuna Bunnahabhain, ambayo kwa sehemu kubwa haina moshi. Viwanda vya Speyside, bara kaskazini-mashariki, hutoa zaidi wiski laini yenye harufu ya matunda na asali.

Anayeanza na Islay anaweza kukata tamaa siku ya kwanza, ingawa nimeona waliokulia pwani, kwenye nyumba za udi na ubani, wakiipenda papo hapo. Kama huna uhakika, ushauri wangu ni huu: onja wiski ya Ayalandi kama Jameson, ambayo inakenekwa, yaani inachemshwa na mvuke wake kupozwa, mara tatu na ni laini, halafu bourbon ya Marekani, ambayo nafaka zake lazima ziwe mahindi angalau asilimia 51 na hukaa kwenye mapipa mapya yaliyochomwa ndani, ndiyo maana ina utamu wa sukari ya kuungua, halafu Glenlivet au Glenfiddich ya miaka 12. Islay iwe ya mwisho. Na usinunue chupa nzima kama baa ya karibu inaweza kukupimia toti.

"Iliyokaa miaka mingi na yenye rangi nzito ndiyo bora"

Namba kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo ndani. Inakuambia muda wa chini, haikuambii ubora. Wiski ya Uskoti lazima ikae kwenye pipa la mwaloni miaka 3 au zaidi, na huko kwenye baridi hupotea kwa mvuke karibu asilimia 2 kila mwaka. Ikizidisha kukaa, mbao huimeza na inabaki na uchungu wa gome. Ikishaingia kwenye chupa, umri wake umesimama: chupa ya miaka 12 uliyorithi kwa babu baada ya miaka 20 bado ni ya miaka 12.

Rangi haithibitishi lolote. Sheria ya Uskoti inaruhusu kuongeza karameli ya rangi, E150a. Bourbon hairuhusiwi, kwa hiyo rangi yake ni ya pipa peke yake.

Vivyo hivyo na imani kwamba single malt ni ya wajuzi na wiski ya mchanganyiko ni ya wasiojua. Maneno single malt yana maana moja tu: kimea cha shayiri, kiwanda kimoja. Ndani ya chupa hiyo nako kwa kawaida kuna mchanganyiko wa mapipa mengi. Sehemu kubwa ya wiski ya Uskoti inayouzwa duniani ni ya mchanganyiko, na kuichanganya vizuri ni ufundi mgumu.

"Ni kinywaji cha wanaume"

Elizabeth Cumming aliendesha kiwanda cha Cardow, kinachoitwa sasa Cardhu, hadi akakiuza kwa John Walker & Sons mwaka 1893. Bessie Williamson alifika Laphroaig mwaka 1934 kama karani wa muda wa kiangazi. Mwaka 1954 mwenye kiwanda alipofariki, alimwachia yeye. Wiski ile ya moshi mkali, ambayo wanaume hujigamba nayo baa, kwa miaka mingi ilisimamiwa na mwanamke. Kwetu nimeshamwona mhudumu akimwekea mama mkubwa soda na kunipa mimi toti, wakati aliyeagiza wiski ni yeye. Mama mkubwa alibadilisha glasi kimyakimya.

"Wiski ni safi, haidhuru kama bia"

Hapa naomba usome polepole. Toti ya mililita 30 ina mililita 12 za alkoholi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Kwa hiyo toti mbili ni karibu sawa na bia moja, na mtu anayenywa toti sita kwa kujiambia "leo sijagusa bia" amekunywa kama bia tatu. Nyumbani, ambako hakuna kipimo, nusu glasi, yaani mililita 100, tayari imepita bia moja na nusu. Nunua kipimo cha toti. Ni kifaa cha bei ndogo.

Wiski haipashi mwili joto. Inatanua mishipa ya damu ya ngozini, ngozi inahisi joto, na joto la ndani linatoka nje. Kwenye baridi kali hiyo ni hatari. Haitibu mafua. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na alkoholi imo kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Anayekunywa anywe kidogo akijua hilo, na asishike usukani. Mjamzito na mwenye dawa za hospitali wasiguse.

Kuna dhana moja ya mtaani inayoua: kwamba ukiwasha pombe kali ikatoa mwali wa bluu, ni salama. Methanoli, ile inayopofusha na kuua, nayo huwaka bluu, na kwenye wiski feki huwezi kuitambua kwa ulimi. Nunua dukani unakopafahamu, angalia stempu ya kodi na kifuniko kama kimeguswa, na bei ikiwa ya kushangaza, acha. Mtu akinywa kisha akaona ukungu machoni au akaanza kutapika sana na kupumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Chupa yako halali isimamishe wima, maana alkoholi kali hula kizibo cha gome, tofauti na mvinyo unaolazwa. Iweke mbali na jua. Ikishafunguliwa, hewa inaanza kuifanyia kazi, na kadiri chupa inavyobaki tupu ndivyo harufu inavyofifia upesi. Mama mkubwa hubandika kipande cha plasta shingoni mwa kila chupa na kuandika kwa kalamu tarehe aliyoifungua. Ikishuka chini ya nusu, anatuma ujumbe kwenye kundi la familia kuuliza nani yuko Moshi wikiendi hii.