Mkasi wa mwalimu wa zamu, na mengine tunayodanganyana kuhusu mavazi

"Nywele zinamzuia mtoto kusoma."

Mwalimu wetu wa zamu alikuwa anasimama mstarini na mkasi. Nywele zikishikika kwa vidole viwili, anapitisha mkasi mara moja tu, katikati ya utosi, kisha anakuacha hivyo hivyo. Kumalizia ni kazi yako na kinyozi. Nilikaa darasani siku nzima na ile njia ya panya kichwani, wenzangu wa nyuma wakichekea madaftarini, na somo la siku ile la hesabu hadi leo silijui. Kilichonizuia kusoma kilikuwa mkasi.

"Sheria ya shule haipingwi."

Inapingwa. Januari 2019 shule moja ya Nairobi ilimrudisha nyumbani msichana wa kidato cha kwanza kwa sababu ya rasta zake. Familia ni ya Marasta, ikaenda mahakamani. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema Urastafari ni dini inayolindwa na katiba, na mtoto asitolewe darasani. Ila tusishangilie kupita kiasi: hukumu ile ilihusu imani, haikumpa kila mwanafunzi ruhusa ya kufuga nywele. Na Januari ileile Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imetengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa uliowaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu katika shule inayodhaminiwa na kanisa, Isiolo.

"Bila suti na tai hujavaa rasmi."

Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliwakataza wabunge wa Kenya kuingia bungeni na suti ya Kaunda, ile isiyofungwa tai, wakati Rais William Ruto mwenyewe alikuwa ameizoea kama sare yake. Jina la suti hiyo linatokana na Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Mwalimu Nyerere naye alipokea wakubwa wa dunia kwa suti za namna hiyo, shingo wazi, na hakuna aliyemwambia akabadilishe. Tai tuliletewa na watu wa nchi za baridi. Ifunge wewe Kariakoo mwezi Februari, umeme umekatika, halafu unieleze habari ya urasmi.

"Uganda ilitunga sheria ya kukataza minisketi."

Sheria ya kupinga ponografia ya 2014 haikutaja sketi. Lakini mtaani ilishabatizwa "sheria ya minisketi", na wanaume ambao hawakusoma hata mstari wake mmoja wakaanza kuwavua nguo wanawake barabarani. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikabatilisha vifungu vyake muhimu. Marufuku iliyotaja nguo kwa jina ilikuwa ya kwetu Tanzania: Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, kuanzia 1 Januari 1969, ilikataza minisketi, wigi na suruali za kubana.

"Mwanaume mwenye hereni hapewi kazi ya heshima."

Mwaka 2011 Dk. Willy Mutunga alikuwa anawania ujaji mkuu wa Kenya, akaulizwa kuhusu hereni yake. Akajibu kwamba inamuunganisha na mizimu ya wazee wake na hataivua. Kazi akapewa, hereni ikabaki sikioni.