Sehemu ambayo "hakuna kilichotokea"

Dhana: Sehemu ya tamthilia ya televisheni isiyo na kifo, usaliti wala siri kufichuka haijaisogeza hadithi.

Ukweli: Hadithi husogea mhusika anapoamua jambo, hata akiamua kunyamaza. Chukua "Fly", sehemu ya 10 ya msimu wa 3 wa Breaking Bad, tamthilia ya Marekani kuhusu Walter, mwalimu wa kemia anayetengeneza dawa za kulevya pamoja na Jesse, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake; sehemu hiyo ilirushwa mwaka 2010. Karibu muda wote Walter na Jesse wamo maabara wakiwinda nzi mmoja. Wapo wanaosema hadi leo kwamba ni ya kujazia msimu, na ni kweli ilibuniwa ifanyike mahali pamoja kwa kuwa bajeti ilibana. Lakini mtazame Jesse akiwa juu ya ngazi na Walter ameishikilia chini, dawa ya usingizi aliyotiliwa Walter kwenye kahawa ikianza kumlegeza. Walter anasema anasikitika kwa kifo cha Jane, mpenzi wa Jesse. Mtazamaji anajua Walter alimwona Jane akifa asimsaidie, Jesse hajui. Angeongeza sentensi moja tu, yote yangeporomoka. Haiongezi. Anakuja kuitamka katika msimu wa mwisho, mwaka 2013, safari hiyo kwa kusudi la kumuumiza Jesse, na inauma hivyo kwa sababu tulimwona akiimeza pale kwenye ngazi. Msuko, yaani mfuatano wa matukio, haukusimama hata kidogo.

Dhana: Mhusika hujengwa kwa kusimulia machungu ya utotoni.

Ukweli: Hiyo ni taarifa tu. Mama akimwambia shoga yake kwamba anampenda mwanawe, tumesikia. Akiificha barua ya mwanawe ya kukubaliwa chuo ili asiondoke nyumbani, hapo tumemjua, na mgogoro wa sehemu kadhaa zijazo umeshazaliwa. Kwa tendo hilohilo mhusika amejengeka na msuko umesonga. Sielewi kwa nini watu huvishindanisha.

Dhana: Mhusika akikua, anakuwa mwema.

Ukweli: Hapana. Walter anazidi kuwa mbaya msimu hadi msimu, na ni mhusika duara kwelikweli, yaani mwenye pande nyingi na anayebadilika.

Dhana: Matukio yakifululizana, sehemu ina kasi.

Ukweli: Taharuki hutoka kwa mtu tunayemjali. Misimu mingi huharibikia mwishoni hapahapa: waandishi wana mengi ya kufunga, basi mwoga tuliyemfuata tangu mwanzo anaamka jasiri ghafla, si kwa lolote lililompata, bali kwa sababu msuko unamhitaji avunje mlango.