Chapa ya 925 haimjui fundi

"Fundi, nimepigwa. Hii haina 925." Maneno hayo, kuhusu chapa ya kiwango cha fedha, nimeyasikia mara nyingi mno, na bangili inayowekwa mezani huwa ni fedha halisi iliyofuliwa kwa nyundo na Mnavajo, mtu wa kabila la wenyeji asili wa Marekani, anayeijua kazi yake. Halafu anaingia mwingine na pete yenye 925 imegongwa vizuri, anatabasamu, kumbe pete imemiminwa kiwandani ng'ambo ya bahari pamoja na wenzake elfu. Mimi ni sonara, natengeneza vito vya watu hapa Albuquerque, New Mexico, Marekani, na wateja wangu wanaozungumza Kiswahili wananiletea mambo haya kila wakati. Leo nayaandika yote ili niwe nawaonyesha tu.

Dhana: Isiyo na 925 si fedha, na yenye 925 ni ya Wanavajo kweli

Hizi ni dhana mbili zilizofungwa kamba moja, na zote mbili ni mbovu. Namba 925 inasema kitu kimoja tu: katika kila sehemu 1,000 za madini hayo, 925 ni fedha, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Aliyefua ni nani, alifulia wapi, lini, namba haijui.

Wanavajo, au Diné kama wanavyojiita wenyewe, walijifunza kufua fedha katika karne ya 19 kutoka kwa mafundi wa Kimeksiko. Anayetajwa sana kuwa wa kwanza ni Atsidi Sani, ambaye alikuwa mhunzi wa chuma kabla ya kushika fedha. Ufundi ukashamiri baada ya 1868, waliporudi nchini mwao kutoka Bosque Redondo, ambako jeshi la Marekani liliwaweka kizuizini kwa miaka 4. Sasa jiulize, fedha ya kufulia waliipata wapi? Kwenye sarafu. Dola za Marekani na peso za Meksiko ziliyeyushwa na kupondwa, zikawa bangili, vifungo na mapambo ya hatamu za farasi. Sarafu hizo zilikuwa na fedha ya takriban asilimia 90. Kwa hiyo kitu cha zamani hasa kitakuwa karibu na 900, na hakitakuwa na chapa yoyote. Mtu akikuuzia bangili "ya mwaka 1890" yenye 925 imegongwa kwa ndani, hapo ndipo pa kushtuka.

Na mtu wa pwani hata hapaswi kufundishwa hili. Vikuku vya bibi zetu wa Lamu, Unguja na Muscat vilifuliwa kwa sarafu za riale za Maria Theresa, ambazo fedha yake ni 833 katika 1,000. Nani amewahi kumwambia bibi yake kwamba kikuku chake ni bandia kwa sababu hakina namba?

Chapa zilikuja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ilianzisha chapa ya U.S. NAVAJO kwa vito vilivyotengenezwa kwa mkono. Chapa za mafundi binafsi, herufi za jina au kialama fulani, zilienea sana kuanzia miaka ya 1970. Mpaka leo sheria ya Marekani haimlazimishi fundi kugonga kiwango cha fedha. Inamtaka, akigonga, awe amesema kweli.

Sasa upande wa pili. Mtu yeyote duniani mwenye fedha ya 925 anaweza kuigonga 925, na hajakosea kitu. Uongo unaanza pale muuzaji anapokwambia imetengenezwa na Mnavajo. Huo una sheria yake, ya 1990: kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na wenyeji asili wa Marekani wakati si kweli ni kosa la jinai, na kosa la kwanza linaweza kumfikisha mtu kwenye faini ya dola 250,000 na kifungo cha miaka 5. Oktoba 2015 maofisa wa serikali kuu walipekua maduka hapa New Mexico kwa sababu ya vito vilivyotengenezwa Ufilipino na kuuzwa kama kazi ya wenyeji. Mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja akahukumiwa kifungo cha miezi 6. Hakushtakiwa kwa fedha bandia. Alishtakiwa kwa kudanganya kuhusu mikono iliyofanya kazi.

Kabla hujaniletea habari za sumaku: ni kweli fedha haivutwi, lakini shaba nayo haivutwi, wala ile inayoitwa fedha ya Kijerumani, ambayo ni shaba, nikeli na zinki, bila chembe ya fedha ndani yake.

Basi ufanye nini? Geuza. Watu wanatazama uso wa kito kwa nusu saa na mgongo hawautazami kabisa. Kazi ya mkono ina alama za tupa na viungo vya lehemu, na michoro iliyogongwa moja moja haiwezi kulingana kwa usahihi wa mashine. Ukiona pete kumi kwenye sinia moja, zote na kijishimo kilekile mahali palepale, zimetoka kwenye kalibu moja. Lakini usije ukasema kila kilichomiminwa ni cha kiwandani, maana Wanavajo wenyewe wana utamaduni mzuri wa kumimina fedha kwenye kalibu waliyoichonga kwa mkono katika jiwe laini la tufa.

Ukishageuza, dai risiti iliyoandikwa: jina la fundi, kabila lake, kiwango cha fedha, na kama jiwe ni la asili au limetiwa kitu. Wateja wamechoka kunisikia nikisema risiti, risiti. Muuzaji akianza kuzungukazunguka kwenye mstari wa jina la fundi, mrudishie kitu chake.

Dhana: Feruzi ya kweli haina mishipa

Feruzi ni lile jiwe la buluu linalopachikwa kwenye fedha, na mishipa, mistari ile inayopita ndani yake, ni mabaki ya mwamba ambamo ilijitengeneza. Ipo yenye mishipa na isiyo nayo. Iliyotoka mgodi wa Sleeping Beauty, karibu na Globe, Arizona, ilisifika kwa buluu ya mbingu isiyo na doa, na feruzi haichimbwi tena pale tangu 2012. Shaba ndiyo inayoleta buluu, na chuma kikizidi rangi inaelekea kijani, kwa hiyo kijani nacho si kasoro. Isitoshe, howlaiti, jiwe jeupe linalopakwa rangi ili lifanane na feruzi, lina mishipa mizuri tu.

Dhana: Iliyotiwa resini ni bandia

Hapana. Feruzi nyingi inayochimbwa ni laini kama chaki na haiwezi kukatwa. Inatiwa resini, kimiminika kinachoganda kikawa kigumu, kwa mgandamizo ili ishikamane. Ni jiwe halisi, bei yake tu iwe chini ya lile la asili, na muuzaji akwambie. Unga wa mawe uliochanganywa na gundi na rangi ni habari nyingine, na plastiki ni plastiki.

Dhana: Fedha yoyote yenye feruzi ni ya Wanavajo

Mawe madogo madogo yaliyopangwa kama punje ni kazi ya Wazuni, kabila jingine la wenyeji asili, mara nyingi. Mabamba mawili ya fedha, la juu limekatwa mchoro na la chini limetiwa weusi, aghalabu bila jiwe, ni mtindo wa Wahopi, nao ni wenyeji asili.

Dhana: Kila mchoro una siri yake

Maana nyingi mnazozisoma kwenye vikadi, mshale ni hiki na ndege ni kile, zilitungwa na wafanyabiashara ili kuwafurahisha watalii wa reli mwanzoni mwa karne ya 20. Na ile hilali inayoning'inia kwenye kidani kikubwa, ambayo imewafanya baadhi yenu mniulize kama Wanavajo ni Waislamu: walilipata pambo hilo kwenye hatamu za farasi za Wahispania, na Wahispania walilipata kwa Waislamu waliotawala kwao. Limepitia kwa farasi, si msikitini.

Dhana: Weusi kwenye michoro ni uchafu, usugue kwa dawa ya meno na ndimu

Jamani. Weusi ule fundi ameuweka kwa makusudi, kwa dawa yenye salfa, ili mchoro uonekane. Ukiusugua umefuta nusu ya kazi yake. Feruzi nayo ina vinyweleo na inakunywa kila kitu: mafuta ya kupaka, manukato, jasho, sabuni. Dawa ya meno inaikwaruza, ndimu inaila. Futa kwa kitambaa laini kikavu, ukivue kito kabla ya kuosha vyombo, manukato upake kwanza na kito uvae mwisho. Jiwe likishageuka kijani kwa mafuta, usiniletee nilirudishe buluu. Sina dawa hiyo.