Je, wajua kwa nini rubani wa DC-9 aliweza kuvuta usukani bila mkia wa ndege kusogea?

Boeing 737 na Douglas DC-9 zilibuniwa kwa kazi ileile: injini mbili, safari fupi, abiria wapatao 100. DC-9 iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 25 Februari 1965, na 737 ikafuata tarehe 9 Aprili 1967. Marubani waliowahi kuzirusha zote mbili huzilinganisha zaidi kwa kile wanachokisikia mikononi. Aghalabu husema kwamba 737 huitikia kwa wepesi, ilhali DC-9, na hasa ndugu zake warefu wa MD-80, hutaka mkono mzito na subira. Hukumu hiyo ipokewe kwa tahadhari, maana DC-9 ya kwanza ilikuwa na urefu wa mita 31.8 na MD-80 ilifikia mita 45, na rubani naye huipenda ndege aliyoizoea kwanza. Hata hivyo, nyuma ya maneno yao ipo tofauti ya kweli ya kiufundi, na ndiyo niliyoielewa vibaya kwa miaka mingi.

Niliamini kwamba Boeing ilikuwa kampuni ya haidroliki, yaani mafuta yenye shinikizo yanayosukuma viungo vya ndege, na kwamba Douglas iling'ang'ania njia ya zamani ambamo misuli ya rubani huvuta kebo na kebo huvuta mkia. Kwa imani hiyo, uzito ambao marubani waliusikia kwenye DC-9 ulikuwa uzito wa mkia wenyewe. Yote mawili si kweli.

Tuanze na hilo la kampuni. Ndege kubwa za kwanza za jeti za wapinzani hawa, Boeing 707 iliyoanza kubeba abiria Oktoba 1958 na Douglas DC-8 iliyoanza Septemba 1959, zinaivunja dhana yangu kabisa. Katika zote mbili elevata, yaani zile bapa zilizofungwa kwa bawaba nyuma ya bawa la mkia ili kuinua na kushusha pua ya ndege, ziliendeshwa bila haidroliki. Kwenye zile bapa za mabawani zinazoilaza ndege upande mmoja au mwingine, mambo yalikuwa kinyume cha nilivyodhani: Douglas ndiyo iliyotumia haidroliki, na Boeing ikaziacha ziendeshwe kwa kebo na hewa. Hapakuwa na falsafa ya kampuni iliyorithiwa kutoka ndege hadi ndege, bali kila kiungo kilihesabiwa peke yake.

Na misuli? Hapa ndipo penye uzuri wa jambo lenyewe. Kwenye DC-9 usukani haukuunganishwa na elevata. Kebo zake zilikwenda hadi kwenye kibapa chembamba kilichofungwa kwenye ukingo wa nyuma wa elevata, na kazi ya kuisogeza elevata yenyewe iliachiwa hewa.

Fikiria mlango uliosimamishwa katikati ya mto, bawaba zikiwa upande maji yanakotoka na ubao ukifuata mkondo. Kuusukuma mlango mzima kwa mkono ni kazi ngumu, kwa sababu maji yanaulaza pale pale. Sasa fikiria kwamba kwenye ukingo wake wa mwisho kuna kipande kidogo chenye bawaba zake, na wewe unakipinda kipande hicho tu kuelekea kushoto. Maji yanayokipiga yatakisukuma kulia, na kwa kuwa kipo mbali na bawaba za mlango, pale pale ambapo kwenye mlango wa kawaida tungeweka kitasa, msukumo huo mdogo unatosha kuuzungusha mlango wote. Nguvu imetoka mtoni, na mkono wako umeelekeza tu.

Ndivyo ilivyokuwa angani. Rubani alipovuta usukani ili pua iinuke, kibapa kilishuka, hewa ikakisukuma juu, nacho kikaipandisha elevata nzima. Ule uzito wa mkononi ulitokana na hewa iliyokuwa ikikipinga kibapa, na uliongezeka kadiri mwendo ulivyoongezeka, kwa kuwa mwendo ukiwa maradufu msukumo wa hewa huwa mara nne. Kwenye 737 haidroliki huisogeza elevata bila kumrudishia rubani uzito wowote, kwa hiyo Boeing ililazimika kuongeza chombo kinachopima mwendo na kuutia usukani uzito wa kutengenezwa. Misuli niliyodhani ni ya DC-9 inahitajika kwelikweli kwenye 737, siku haidroliki zake zinapokosekana na rubani akabaki na kebo.

Mfumo unaotegemea hewa hudhoofika hewa inapopungua nguvu. Tarehe 22 Oktoba 1963 ndege ya kwanza ya BAC One-Eleven, mshindani wa Uingereza aliyekuwa na mkia wa juu kama wa DC-9 na elevata za vibapa, ilianguka katika majaribio na kuua watu wote 7. Pua ilikuwa imeinuka mno, mkia ukazama katika hewa iliyovurugwa na mabawa, na vibapa havikuweza kuirudisha chini. Baada ya hapo One-Eleven ikapewa elevata za haidroliki. Douglas ilibaki na vibapa, lakini ikaongeza bawa kubwa la mkia na haidroliki ya dharura, ambayo huisukuma elevata upande mmoja tu, ule wa kushusha pua, rubani anaposukuma usukani mbele kabisa.

Msukumo wa hewa unaotokana na mwendo hukosekana pia ndege ikiwa imeegeshwa. Elevata mbili za DC-9 hazikufungwa pamoja, kwa hiyo upepo uliweza kuiacha moja juu na nyingine chini, jambo lililowashtua abiria ingawa lilikuwa la kawaida. Rubani aliyevuta usukani ndege ikiwa imesimama alivisogeza vibapa tu.

Tarehe 8 Machi 2017, katika uwanja wa Willow Run jimboni Michigan, upepo mkali ulikuwa umeikwamisha elevata ya kulia ya MD-83, mmoja wa wale ndugu wa MD-80, iliyokuwa imeegeshwa. Marubani waliujaribu usukani kama taratibu zinavyotaka, nao ukasogea vizuri, kwa kuwa vibapa vilikuwa huru. Kasoro ilijitokeza mbio zilipokuwa zimepita mwendo ambao kwa kawaida ndege hairuhusiwi tena kusimama: rubani alivuta usukani na pua haikuinuka. Alikatisha safari hapo hapo, ndege ikapita mwisho wa barabara ya kurukia, na watu wote 116 wakanusurika. Kwenye 737, elevata iliyokwama namna ile ingeuzuia usukani tangu jaribio la kwanza, kabla ndege haijaanza kukimbia.