Nyote mna mishahara minene, kwani si aache tu hiyo kazi?

Simu ya mume wangu ina mlio wake wa hoteli, ikilia saa tano usiku hata watoto washajua baba anainuka kitandani. Yeye ni mkuu wa hesabu hoteli moja kule Nungwi, kaskazini ya Unguja, mie nafanya kazi benki hapa mjini, na tangu Ramadhani iishe tumo tunapiga hesabu kama anaweza kuiacha akashika kazi ya uhasibu hapa hapa mjini, mshahara mdogo lakini saa tisa na nusu mtu ashafunga mafaili yake. Kila tuliemgusia ana fatwa yake na nyingi si za kweli.

Ya mwanzo kabisa, wifi yangu: "nyie na mishahara ile, hata kesho anaacha." Jamani. Mshahara mkubwa mara nyingi ushagawiwa kabla haujaingia. Wetu una mkopo wa nyumba, ada za skuli za watoto watatu, mama mkwe Wete, mdogo wangu chuoni, na upatu wa kila mwezi. Mie nakaa upande wa pili wa kaunta nawaona, mtu ana milioni nne kwa mwezi lakini kinachobaki baada ya makato hakimfikishi tarehe ishirini, halafu anakuja mwalimu wa laki saba asodaiwa na mtu, huyo ndie anaeweza kubadilisha kazi akitaka. Na mkopo wa mshahara ukiacha kazi hauachi na wewe, deni liko pale pale na makato ya kupitia mwajiri ndio yamekatika, kwa hiyo nenda benki kwanza kabla hujaandika barua.

La pili ndilo lilotushughulisha zaidi. Watu wanadhani mshahara ukishuka milioni moja na nusu basi na nyumbani pamepungua milioni moja na nusu, hata mume wangu, mhasibu mzima, alikuwa anaisema hivyo hivyo kwa uchovu. Kodi ya mshahara kinachozidi milioni moja kinakatwa asilimia 30, sasa yeye akitoka 3,500,000 akaenda 2,000,000, ile 1,500,000 ilopotea serikali ilikuwa ishachukua 450,000 yake, mkononi kinachopungua ni 1,050,000, na mchango wa ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, nao ukiuingiza pengo linakuwa dogo zaidi. Halafu tukachukua daftari tukaandika kazi yenyewe inakula nini. Nungwi na mjini ni kama kilomita 60, kwenda na kurudi kila siku, petroli na kutengeneza gari tu ilikuwa laki saba na kitu kwa mwezi! Bado chapati na kuku wa kununua kwa sababu anarudi kila mtu kachoka. Kazi ya mjini anapanda daladala. Kwa hiyo pengo la kweli halifiki hata laki nne, na miaka yote tulikuwa tunaliogopa kama milioni moja na nusu.

Mwengine akasema mishahara miwili ni nguzo mbili, mmoja akiyumba mwengine anabeba. Inategemea. 2020 ilipokuja corona watalii wakakatika, jirani zetu wote wawili walikuwa mahotelini, wakarudishwa nyumbani mwezi ule ule mmoja, sasa hapo nguzo mbili ziko wapi? Mume akitoka hoteli sisi ndio kwanza tunakuwa na vipato viwili visivyotegemea ndege moja, ingawa na sie wa benki watalii wakikosekana tunaiona kwenye mikopo.

Na hili nalisema kwa wanawake wenzangu: "mke ana mshahara wake, atabeba nyumba." Kwa sheria yetu ya Kiislamu matunzo ya mke na nyumba ni ya mume hata mke awe tajiri, pesa yangu ni yangu na nikitoa natoa kwa hiari. Sisemi nisimsaidie, nishamwambia ada za watoto nazibeba mie, lakini limesemwa kwa mdomo tukakubaliana, ni nini na mpaka lini. Mume akiacha kazi huku anahesabu kimoyomoyo mshahara wa mkewe, huo ndio ugomvi unaosikia kwa kadhi.

Kwamba kazi ya mshahara mdogo haina presha, kamuulize mwalimu mwenye darasa limejaa mpaka dirishani. Mume wangu alikwenda kwanza kukaa na wanaofanya kazi pale anapotaka kuhamia, akauliza bosi akoje mwisho wa mwezi.

Na msisahau bima. Ya hoteli inatubeba mie na watoto, ya kule anakokwenda inambeba yeye peke yake, hilo hatukuliona mpaka tuliposoma mkataba. Wa kujiajiri nae asidhani ZSSF ndio basi, wana mpango wa hiari.

Sasa hivi tunajaribu, kila mshahara wake ukiingia ile 1,050,000 inakwenda akaunti pembeni hatuigusi. Mwezi wa kwanza tuliigusa, harusi ya binamu, sare na mchango, nikaona haya mwenyewe. Mwezi huu tumefika tarehe 27 bado ipo nzima. Barua ishaandikwa, iko kabatini chini ya vyeti vya watoto vya kuzaliwa, tarehe tu haijajazwa.